Sufuria ya pili: kula bila nyama wala samaki jijini Mwanza

Saa saba mchana, banda lolote la mama lishe kuanzia Igoma hadi Kirumba. Mteja kaagiza wali maharage. Sahani inapakuliwa vizuri tu: wali, maharage pembeni, kijiko cha mchicha, kipande cha ndimu. Kabla haijaondoka mkononi mwa mpakuaji, upawa unazamishwa kwenye sufuria ya jirani na mchuzi wa nyama unamiminwa juu ya wali. Hakuna aliyeuomba. Ni ukarimu: wali mkavu unaonekana kama mtu kanyimwa, na mchuzi usio na kinofu haulipiwi. Mteja wa kawaida atashukuru. Asiyekula nyama, chakula chake kimeharibika kabla hajavuta kiti.

Kitendo hicho cha sekunde tatu kinaeleza hali ya ulaji usio na nyama katika jiji hili kuliko orodha yoyote ya migahawa. Husemwa kwamba Mwanza ni mji wa sato na sangara, kwa hiyo asiyekula samaki atahangaika. Ukweli ni kwamba vyakula visivyo na nyama hupikwa hapa kila siku ya Mungu, tena kwa masufuria makubwa: wali maharage, ugali kwa mlenda, makande, chapati maharage, mseto wa choroko, ndizi za Kagera na maharage, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) kwa karanga. Shida ni kwamba vinapikwa kama wasindikizaji. Vinachangia upawa, vinachangia karai, vinachangia hata mafuta na wenzao wenye mifupa. Jiji linaweza kuendelea kungoja mkahawa maalumu wenye viti vya mianzi na menyu ya kizungu. Kinachokosekana mtaani ni sufuria ya pili yenye upawa wake, na nidhamu ya karai.

Oda nyingi huharibikia kwenye neno. Kwa Kiswahili chetu cha bara, "mboga" ni chochote kinachoshushia ugali. Ingia nyumba yoyote ya Nyakato uulize leo mboga nini. Utajibiwa sato, dagaa, utumbo au matembele, na majibu yote manne ni sahihi. Watu wa pwani wana "kitoweo" kwa maana hiyo na wamejipunguzia utata. Huku kwetu, anayesema "mimi nakula mboga tu" hajasema kitu, na mpishi akimletea kuku wa mchuzi hajakosea lugha. "Sili nyama" nayo ina matundu. Kwa wengi kuku si nyama, ni kuku. Samaki si nyama, ni samaki. Na dagaa, ambao ndio hatari kubwa kuliko wote, hata samaki hawahesabiwi: dagaa ni dagaa.

Kwa hiyo oda inayofanya kazi ni ndefu kidogo na inataja majina: "Mama, sili nyama, kuku, samaki wala dagaa, na mchuzi wake usiniwekee." Asiyegusa kabisa kitu kilichotoka kwa mnyama anaongeza mayai, maziwa na samli. Kutaja Kwaresima hakusaidii. Mkatoliki anayejinyima nyama siku ya Ijumaa anaruhusiwa samaki, na kando ya ziwa hili ruhusa hiyo hutumika kikamilifu. Sema "nafunga nyama" uone sangara anavyokuja na kachumbari yake.

Twende jikoni, kwenye njia ambazo nyama na samaki hupita kimyakimya. Ya kwanza ni supu. Banda linalouza supu asubuhi hubaki na lita kadhaa kufikia saa nne, na hakuna mpishi mwenye akili atakayezimwaga. Zinaingia kwenye maharage, au zinaongezwa kwenye maji ya wali. Ya pili ni dagaa waliotwangwa. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa kwenye mchicha au kisamvu hakionekani kwa macho, kinajulikana kwa ulimi tu. Ya tatu ni samli na maziwa: mgagani ni mchungu, na kwa desturi ya Usukumani uchungu wake hupozwa kwa maziwa au samli, kama si kwa karanga. Ya nne ni viungo vya pakiti vyenye picha ya ng'ombe au kuku. Soma maandishi madogo ya nyuma, usiangalie picha. Pakiti moja inaweza kuwa na mafuta ya mnyama na nyingine ikawa harufu tupu ya kiwandani. Ya tano, ambayo inastahili nafasi zaidi kuliko hizo zote, ni karai.

Mafuta yaliyokaanga samaki hayawi tena mafuta tu. Vipande vidogo vya ngozi na unga vinabaki chini na kuungua, maji yaliyotoka kwenye minofu yanayavunja, rangi inakuwa nyeusi, povu linapanda, na moshi unaanza mapema kuliko mwanzo. Harufu ya samaki inayeyukia humo na haichujiki kwa kitambaa. Ndiyo maana chipsi za banda linalokaanga sato zinanukia ziwa hata zikioshwa kwa tomato ya chupa nzima. Wanaouza bagia na kachori kwenye karai la sambusa za nyama wana tatizo hilohilo kwa kiwango kidogo.

Karai la pili ni dawa nzuri, lakini linahitaji jiko la pili na mkaa wa pili, na banda la mita mbili kwa mbili halina nafasi hiyo. Ipo njia ya karai moja, nayo ni mpangilio wa saa. Mafuta mapya yaanze alfajiri na maandazi na chapati zinazokaangwa. Yafuate kachori na bagia. Mchana chipsi. Samaki na sambusa za nyama wawe wa mwisho, jioni, na baada yao mafuta hayo yasirudi kwenye unga wala kiazi. Mafuta yanashuka, hayapandi. Mpishi anayefuata mpangilio huu hapati hasara yoyote, kwa sababu mafuta yaliyokaanga viazi bado yanafaa kabisa kwa samaki. Kinyume chake ndicho kisichowezekana. Kila baada ya awamu yachujwe yangali na uvuguvugu, masalia yasiachwe yalale humo. Aina ya mafuta nayo ina neno. Ya alizeti ya kawaida ni mazuri kwa kuungia, ila yakichemshwa mara nyingi hufanya utando unaonata ukutani mwa karai; ya pamba, ambayo ukanda huu umeyajua tangu enzi za vinu vya pamba, na ya mawese huvumilia ukaangaji wa kutwa vizuri zaidi.

Sasa maharage, maana hapo ndipo heshima ya sahani nzima ilipo.

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Nyuzi nne zinaonekana ndogo, lakini kwa punje ngumu ni tofauti ya nusu saa au zaidi motoni, na anayefuata muda ulioandikwa na mpishi wa Tanga au Dar es Salaam atapakua maharage yanayogonga meno. Ongeza na hili: maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu hujenga ugumu ambao hata kuni za siku nzima haziumalizi. Unayajua kwa ganda lililofifia na kukunjamana, na kwa usiku wa kwanza wa kuloweka. Punje ambazo hazijavimba hata baada ya saa kumi majini, zirudishe kwa aliyekuuzia.

Kilo moja ya maharage ya njano au mekundu ilowekwe kwa lita tatu za maji kuanzia saa tatu usiku. Asubuhi maji yale yamwagwe, yawekwe mengine lita tatu, na sufuria ichemke kwa nguvu bila mfuniko dakika kumi za kwanza. Hatua hii isirukwe, hasa kwa mekundu: yana sumu yake ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali, na moto wa kufukuta hauiwezi. Mtu aliyekula maharage mabichi-mabichi akatapika baada ya saa mbili tatu hakulogwa na jirani. Baada ya hapo funika, punguza moto, na maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi yanakata mchemko na kula mkaa. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja na nusu hadi mbili, yasiyolowekwa saa tatu.

Nyanya na ndimu zingoje. Uchachu huzuia ganda kulainika, na maharage yaliyotiwa nyanya yakiwa magumu yatabaki magumu hata uyasimamie na bakora. Magadi yanasaidia, lakini robo kijiko cha chai kwa kilo inatosha. Zaidi ya hapo unapata ladha ya sabuni, rangi ya kijivu, na vitamini B1 imeharibika.

Kisha kuunga, na hapa ndipo mabanda mengi hukosea na kukimbilia supu ya nyama kuziba kosa. Ladha ile nzito inayotafutwa kwenye supu inapatikana kwenye vitunguu, iwapo vitapewa muda. Kwa kilo moja ya maharage: vijiko sita vya mafuta, vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba, dakika 10 hadi 12 mpaka viwe na rangi ya kahawia ya kweli, siyo vile vya dakika mbili vinavyotoka vyeupe na kuelea. Punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kwa dakika moja. Nyanya nne zilizoiva, zikaangwe mpaka mafuta yajitenge pembeni, dakika 10 nyingine. Nusu kijiko cha chai cha binzari. Hapo pawa mbili za maharage zimwagwe kwenye rosti zipondwe kwa mgongo wa upawa, ndipo yaliyobaki yafuate na kuchemka dakika 15. Zile zilizopondwa ndizo zinazofanya mchuzi uwe mzito na ushike wali. Maharage yanayoogelea kwenye maji ya waridi ni maharage ambayo hayakupondwa, na hakuna kiungo cha pakiti kitakachoyaokoa.

Kilo moja kwa njia hii inatoa sahani 12 hadi 14 zenye maharage ya kushiba. Hesabu ya malighafi inapendeza sana, kwa hiyo mtu atauliza mbona mabanda hayakazanii maharage. Jibu liko chini ya sufuria. Saa mbili tatu za moto ndizo gharama halisi ya maharage, na mkaa hauonekani kwenye sahani ya mteja. Serikali imeshazitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, mwisho ukiwa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Mama lishe hayumo kwenye agizo hilo, lakini jiko la umeme la presha linamfaa yeye kuliko hata shule. Ndani yake joto linapanda juu ya nyuzi 110, mwinuko wa Mwanza hauna neno tena, na maharage yaliyolowekwa yanaiva nusu saa baada ya mvuke kujaa. Tahadhari moja: lisijazwe zaidi ya nusu, maana maharage hutoa povu na ganda likiziba tundu la mvuke patakuwa na kazi.

Kuchacha nako kunawafukuza wateja wa jioni. Maharage yaliyoungwa saa nne asubuhi na kuwekwa kwenye hotipoti vuguvugu, saa kumi jioni yameanza kutoa mapovu. Chini ya nyuzi 60 vijidudu vinastarehe. Chemsha yote asubuhi yabaki ya chukuchuku motoni, uyaunge kwa mafungu mawili, saa tano na saa kumi. Yaliyotiwa nazi au karanga yaungwe kidogo zaidi kila mara. Hayo huharibika haraka kuliko yote.

Kuna kikwazo ambacho jiko halikiwezi. Maharage yana picha ya bweni na ya kambi: punje zenye fukusi, mchuzi kama maji ya kuoshea mchele. Aliyekula hayo miaka sita ya sekondari akipata mshahara hayaangalii tena mpaka tarehe 20, pochi inapomkumbusha. Ukitaka kujua soko kubwa kabisa la chakula kisicho na nyama Mwanza, liko hapo, wiki ya mwisho ya mwezi, Malimbe kwa wanafunzi na Bugando kwa wauguzi. Hawajiiti kwa jina lolote la kigeni. Wanasema tu hali si nzuri. Banda linaloweza kumfanya mtu huyo arudi tarehe 2, akiwa na hela ya kuku, ndilo limeshinda.

Na dengu? Hapa lawama ni ya mkoa mzima. Udongo mweusi wa mbuga za Misungwi, Kwimba na Magu, na ule wa Shinyanga na Simiyu, unafaa mno kwa dengu: zinapandwa mvua zinapokaribia kuisha, zinakua kwa unyevu uliobaki ardhini, na huvumilia ukame unaoua mahindi. Karibu zote zinapakiwa kwenda nje, India ikiwa mnunuzi mkuu. Ndiyo hadithi ya sangara kwa mlango mwingine: minofu inapanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki. Mwishoni mwa 2017 India ilipoweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu, na mwaka uliofuata ikaupandisha hadi 60, mkulima wa huku hakuwa na soko la pembeni la kukimbilia, kwa sababu jirani yake wa mjini hali dengu kwenye sahani. Anazila kama bagia, au zikiwa za kukaangwa kwenye karatasi ya koni, basi. Choroko angalau zina mseto na zina mchuzi wa nazi. Dengu nzima zilizopikwa kama maharage, ukizitafuta katika mabanda kumi ya Buhongwa, una bahati ukizikuta kwenye moja.

Nazo hazina ugumu. Loweka saa 12, siyo nane. Chemsha saa mbili, au dakika 35 kwenye presha. Unga kwa rosti ileile ya vitunguu vya kahawia, ongeza binzari nyembamba iliyopondwa. Mwishoni gramu 150 za karanga zilizokaangwa kidogo na kusagwa, zikorogwe kwanza kwa kikombe cha maji ya vuguvugu. Ukimwaga unga wa karanga moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka utapata mabonge. Dakika 15 za moto mdogo huku ukikoroga, kwa kuwa karanga hushika chini haraka sana.

Karanga ni jambo la kusisitiza. Mapishi mengi ya mboga yanayosambaa mitandaoni yametoka pwani, yanadai tui. Nazi za Mwanza zimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja na bei yake inasema hivyo. Mafuta na uzito wa sahani ya Kanda ya Ziwa ni karanga: ndizo za nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ndizo za kisamvu, ndizo za michembe iliyochemshwa nusu saa na kupondwa. Zichaguliwe kwa mkono kabla ya kusagwa. Punje iliyosinyaa, yenye ukungu au uchungu itupwe, maana sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 ilikatisha maisha ya watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga ni makazi yake mengine. Karanga zilizosagwa tayari, za unga usiojua ulitoka punje gani, ni bahati nasibu.

Kisamvu nacho kitwangwe kwanza, kichemshwe wazi bila mfuniko. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu yake, na mvuke ndio unaoitoa. Wanaokikatakata kwa kisu na kukifunika ili kuokoa mkaa wanaifungia humohumo.

Majiko yaliyokwishajua nidhamu ya sufuria ya pili yapo, na yanafaa kuigwa. La kwanza ni la Wahindu wenye asili ya Gujarati, ambao familia zao nyingi zilifika ukanda huu na biashara, ya pamba ikiwemo. Kwa wengi wao kutenganisha ni dini, kwa hiyo hakuna majadiliano: jiko lisilo na nyama halina nyama, halina upawa wa kuazima. Sahani yao ya mchana, yenye wali, chapati, mchuzi wa dengu au choroko, mboga mbili na achari, ni somo la jinsi ya kumshibisha mtu bila kinofu na bila kumwonea huruma. Asiyekula maziwa aulize tu, kwa kuwa samli na mtindi vimo kwa wingi. Kachori na bagia za mitaa ya katikati ya jiji zimetokana na jiko hilo, na zimeshakuwa zetu. Kachori zikipasuka kwenye mafuta, kosa ni maji ndani ya kiazi. Kilo ya viazi ichemshwe na maganda yake, imenywe, iachwe ipoe ikauke kabla ya kupondwa na pilipili, ndimu na saumu. Rojo la kuchovya ni gramu 250 za unga wa dengu kwa maji kama kikombe kimoja, zito kiasi cha kufunika mgongo wa kijiko. Mafuta yawe tayari pale tone la rojo linapozama na kuibuka papo hapo. Usijaze karai, kachori saba pamoja hupoza mafuta, na zinachofanya baada ya hapo ni kuyanywa.

Jiko la pili ni la Wasabato, ambao wapo kuzunguka ziwa hili tangu walipofungua misheni ya Gendia, upande wa Kenya, mwaka 1906. Si wote wasiokula nyama, lakini mafundisho yao ya afya yamezaa kina mama wengi wanaojua kupika bila nyama kwa makusudi. Nyama ya soya ya pakiti imeingia majikoni mwao na sasa iko madukani. Wanaoisema vibaya wameionja ikiwa imepikwa vibaya: ilowekwe maji ya moto dakika 15, ikamuliwe kwa nguvu kama nguo, maji yale yamwagwe, irudiwe mara ya pili, ndipo ikaangwe mpaka ikauke kingo. Bila kukamuliwa inabaki na harufu ya maharage mabichi na kunyonya mchuzi wote. Hata hivyo, kwa ladha yangu, gramu kwa gramu dengu inaishinda, na haikuvuka forodha yoyote.

Mikahawa ya kisasa inayouza baga za soya na saladi kwa watalii wanaoelekea Serengeti haina ubaya. Lakini haifundishi mtu wa Mabatini kitu, kwa sababu bei yake imeshamwambia asiingie.

Afya inatajwa sana katika habari hii, mara nyingi kwa pupa. Kuacha nyama na kubaki na ugali na mchicha si ulaji, ni upungufu. Tarime miaka ya 1980 ilishuhudia ugonjwa wa konzo, uliopooza miguu ya watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, huku sahani haina protini ya kutosha ya kuusaidia mwili kuitoa sumu. Udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, unaoandaliwa kwa siku zake zote, ukaliwa na kunde, choroko au maharage, ni chakula salama. Udaga wa haraka kwa mlenda mtupu, siku baada ya siku, ni jambo jingine. Vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote wa sokoni, na dagaa wanayo tele, kwa hiyo anayeacha hata maziwa na mayai anunue vidonge vyake duka la dawa bila ubishi. Chai ya rangi isogezwe hadi saa moja baada ya mlo, kwa vile inazuia madini ya chuma ya maharage kuingia mwilini. Ndimu na kachumbari hufanya kinyume chake, na tayari ziko kwenye sahani.

Kwa mwenye banda anayetaka kujaribu, mtaji unahesabika: sufuria moja yenye mfuniko, upawa mmoja uliofungwa uzi wa kijani mpinini ili hata binti wa zamu aujue, na ubao. Kwenye ubao asiandike "chakula cha mboga". Aandike "Maharage: hayana supu, hayana samli." "Mchicha wa karanga: hauna dagaa." "Chapati za kusukuma: mafuta ya alizeti, hazina yai." Chapati za maji asiziweke humo, zina yai karibu siku zote. Na sufuria ile ikikauka saa nane mchana wakati foleni bado ipo, mkono utavutwa kuirefusha kwa mchuzi wa jirani yake. Chaki iko palepale: maharage yameisha, yanayofuata saa kumi.